Nafasi ya Tano

Kinama, tarehe 11 Machi 1995

Dada Amélie,

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na moja, na nimeamua kukuambia kila kitu, hata yale ambayo Baba amekataza yasitoke nje ya mlango. Sitaficha neno kwa sababu linauma, wala sitaongeza neno ili barua ipendeze. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua kabla hujaolewa huko ziwani Kajaga, na ulisema barua yenye uongo heri karatasi yake ifungiwe karanga. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukisemezana mimi na wewe, ila naandika cha darasani. Utacheka, najua.

Habari yenyewe ni hii: Baba anachimba ndani ya nyumba.

Alianza Jumatatu, baada ya ile siku tuliyoshinda chini ya vitanda tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya risasi. Alisogeza kitanda chake na Mama, akapiga mistari ya chaki sakafuni, akaanza kuvunja saruji kwa patasi na nyundo. Unajua kwamba katika uashi wake wote hakuna anachojivunia kama zile nyumba za Rohero zenye chumba cha chini cha kuwekea divai. Alimwambia Mama kwamba amewajengea watu wengine kave tatu, sasa ya nne anawajengea watu wake. Kwa hiyo yeye anaiita kave. Mama anaiita shimo. Bibi anaiita kaburi, na Baba akisikia hivyo hupiga nyundo kwa nguvu zaidi.

Kabla ya kuchimba alitupima. Alituketisha sakafuni mmoja mmoja, mgongo ukutani, magoti kifuani, akatuzungushia chaki. Alipofika kwa Bibi, Bibi alimtazama kutoka chini akasema, "Népomuscène, fundi wa masanduku huwa anangoja mutu afe kwanza."

"Mama, kunja magoti."

"Haya yamejikunja yenyewe tangu mwaka jana. Kuyakunjua ndiyo taabu."

Mama alicheka mpaka akaketi juu ya mchoro wake na kuufuta, ikabidi apimwe upya. Michoro ni minne: Baba, Mama, Bibi na mimi. Niliihesabu mara mbili. Kisha nikakufikiria wewe.

Tatizo la kwanza ni kelele. Kila Baba anapopiga nyundo, Mama huwa uani anatwanga sombe ili sauti ya mchi ifunike sauti ya patasi. Lakini majani ya muhogo ya kutwanga kutwa nzima hatuna, kwa hiyo hutupia kinuni majani kidogo tu ya kuonekana, na mengine yote ni mbao kwa mbao. Siku ya tatu Nsimire, jirani yetu wa Bukavu, alichungulia juu ya ua akamuuliza, "Mama Amélie, hiyo sombe ni ya arusi ya nani? Mbona sisi mualiko hatujaona?" Mama akajibu kwamba meno ya Bibi yamebaki mawili, kwa hiyo sombe yake hutwangwa mpaka iwe kama uji. Nsimire akasema kumbe huyo mama mukwe anakula kama kikosi kizima. Wote wanamwita Mama Amélie, Dada. Jina lako, ambalo Baba amelikataza mezani, linaingia juu ya ua kila siku. Baba akilisikia huacha nyundo kidogo. Kisha huendelea.

Tatizo la pili ni udongo, na hilo ni langu. Siku hizi mtu akionekana na udongo mbichi nyumbani, majirani hawamuulizi anajenga nini. Wanaulizana anamchimbia nani. Kwa hiyo kila asubuhi najaza udongo kwenye mkoba wa shule, madaftari nayabeba kwenye mfuko wa plastiki, na kabla ya kufika shuleni naumwaga kwenye mtaro mkubwa. Jana mwalimu wa hesabu alifungua daftari langu, mchanga ukamwagika juu ya meza yake. Aliniuliza kama ninasomea shambani. Darasa zima lilicheka nami nikacheka nao, kwa sababu mtu anayecheka haulizwi mara ya pili.

Barua hii nampa Mama Mwanasiti, anayetoka huko kwenu kuuza ndagala soko letu Jumatatu na Alhamisi. Ameniahidi kuificha chini ya samaki, kwa hiyo usamehe harufu. Niambie Hiba ameota jino? Nashona kigauni chake kwa kipande cha sare yangu ya zamani, lakini sijui mtoto wa miezi minane ana kifua cha namna gani.

Mdogo wako,
Joëlla


Kajaga, 16/3/1995

Mudogo wangu Joëlla,

Barua imefika na ndagala mbili ndani, asante kwa zawadi. Paka wa jirani amekaa mulangoni tangu jana anataka naye asomewe. Kiswahili chako ni kizuri mpaka naona haya kujibu. Ni kama mwalimu ameingia nyumbani na mi sijafagia.

Mi niko muzima. Hiba ana meno mawili ya chini na anamuuma kila mutu, hata shehe aliyekuja kumuombea dua. Kifua chake ni kama cha kuku aliyeshiba. Kata nguo kubwa, atajaza. Massoudi anakusalimia. Anashinda anatengeneza nyavu, maana ziwani sasa wanaingia kwa ruhusa ya wanajeshi, na ruhusa inakuja wakati samaki wamelala. Watu wa huku wananiita Mwantum tangu tuoane. Naitika, sina shida. Lakini nikiota ndoto, anayeniita huko anasema Amélie.

Sasa, Baba na kave yake. Nilicheka kwa Bibi, kisha nikaacha kucheka. Mutu anatoboa sakafu ya nyumba yake apate pa kuingia, na mulango wa juu ameufungia mutoto wake. Wanne, unasema. Mi pia nimehesabu, we si peke yako. Usiniombee nafasi, Joëlla. Siku naondoka alisema mi nimejichagulia nyumba, basi nikae humo. Niko humo.

Ila niambie, anachimba upande gani wa chumba? Upande wa dirisha ao upande wa sanduku la Mama? Na kitanda wamekiweka wapi? Sitaki kitu, nataka tu kuiona kwa akili.

Hii uichome. Yako nimeshindwa kuichoma.

Amélie


Kinama, tarehe 2 Aprili 1995

Dada Amélie,

Anachimba upande wa dirisha. Kitanda kimesimamishwa ukutani mchana kutwa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, na jioni kinarudi mahali pake juu ya shimo. Mama anasema halali vizuri kwa sababu anahisi nyumba ina tumbo tupu.

Sasa Baba akisimama chini, kichwa hakionekani. Kuta anazijenga kwa matofali aliyofyatua kwa udongo uleule wa shimo na kuyakausha jikoni juu ya moshi, kwa hiyo mkoba wangu umepata nafuu kidogo. Mvua za wiki iliyopita ziliingiza maji kiasi cha kidole kimoja. Akatandaza mawe, juu ya mawe makaa, na maji hayakurudi. Juu atapanga magogo ya mikaratusi, kisha bati la pipa lililonyooshwa, kisha saruji nyembamba, kisha mkeka. Pa kuingilia ni padogo kama beseni la kufulia. Juzi tulijaribu. Bibi alishushwa kama gunia, akilalamika njia nzima, na alipofika chini akasema angalau huku hakuna inzi.

Lakini nilitaka kukuambia jambo jingine, na nimeliweka hapa katikati ili nisilianze kwa pupa.

Jumatatu nilishuka kuchukua udongo nikaona Baba amekata ukuta wa mashariki na kufungua nafasi ambayo haikuwa kwenye chaki. Ni nafasi ya tano. Ni pana kuliko ya Mama, pana kuliko hata yake mwenyewe. Nilimuuliza Mama, akasema nimuulize baba yangu. Jioni Baba alikuwa ananawa miguu uani. Nikamuuliza ile ya tano ni ya nani. Hakunitazama. Alisema, "Ile ni ya mukubwa." Akamwaga maji, akaingia ndani.

Dada, nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema nisije nikayaharibu. Unakumbuka alivyokuwa akituita? Wewe mukubwa, mimi mudogo. Mukubwa amekula? Mudogo amerudi shuleni? Tangu ulipoondoka sijamsikia akilitamka neno hilo hata mara moja. Hata mimi haniiti tena mudogo, kwa sababu mudogo bila mukubwa ni neno lililokatwa mguu. Na sasa amelitamka.

Halafu fikiria ule upana. Nani anahitaji nafasi pana namna ile kama si mwanamke anayepakata mtoto? Baba hawezi kusema pole, sote tunamjua. Nadhani amesema kwa sururu.

Njoo, Dada. Njoo na Hiba. Massoudi akikubali naye aje, tutabanana.

Mdogo wako,
Joëlla


Kajaga, 6/4/1995

Joëlla,

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia, ya pili nikafunga nguo za Hiba kwenye kitambaa, ya tatu nikazifungua, ya nne nikachukua kalamu.

Mukubwa ni neno la watu wengi, mudogo wangu. Kila mutu ana mukubwa wake. Nataka unijibu kitu kimoja tu, usiniandikie mashairi. Alisema jina langu? Alisema Amélie, ao alisema mukubwa tu?

Sikuulizi kwa kiburi. Jumapili Massoudi alivuka kwenda Uvira kututafutia pa kukaa, na mupaka leo hajarudi. Jumanne wamechoma nyumba mbili za ufukweni, hatujui ni nani na hatuulizi. Tunalala na viatu. Kama Baba amenitaja, nakuja, hata nikitukanwa njiani. Kama hajanitaja sitasimama mulangoni pake na mutoto mugongoni nifukuzwe Nsimire akiangalia. Huku angalau nikifa nitakuwa kwangu.

Alisema jina langu?

Amélie


Kinama, tarehe 9 Aprili 1995

Dada Amélie,

Umeniuliza kitu kimoja nami nakujibu kitu kimoja. Ndiyo, alilisema jina lako. Alisema, "Ile ni ya Amélie." Sikuliandika mara ya kwanza kwa sababu nilitaka kwanza uione nafasi yenyewe.

Njoo siku ya soko, mchana, wakati njia ya Buterere ina watu wengi. Kave imekwisha. Nimeifagia mwenyewe, na kwenye nafasi ya tano nimetandika mkeka.

Kigauni cha Hiba kimekwisha. Nimekikata kikubwa.

Joëlla


Kajaga, 24/4/1995

Mudogo wangu,

Basi. Kama amelitaja, basi.

Nilikuwa namngoja Massoudi, lakini nimechoka kungoja. Nimemwachia maneno kwa jirani. Nitakuja Alhamisi hii, tarehe ishirini na saba. Mama Mwanasiti Alhamisi haendi sokoni, ana kilio kwa ndugu yake, kwa hiyo nitakuja peke yangu na Hiba, nitapita katikati ya mashamba ya mupunga ya Buterere. Kabla ya saa sita nitakuwa nimefika.

Usimwambie Baba siku. Nataka niuone uso wake kabla hajaupanga. Na Mama usimwambie, atalia tangu Jumanne na watu watajua. Mwambie tu Alhamisi asipike ndagala. Nimezichoka mpaka nazihurumia.

Hiba amejifunza kupiga makofi. Anampigia kila mutu, hata mbuzi. Atampigia na Baba.

Amélie


Kajaga, 12/5/1995

Joëlla,

Nimekawia kuandika. Mi niko hai. Hiba alifariki Jumamosi, tarehe sita. Tumemzika hukuhuku.

Alhamisi ile nilifika kwenu. Risasi zilikuwa zimeanza upande wa juu, watu wote wanateremka na mi peke yangu napanda. Mama mumoja alinishika mukono akaniambia nirudi, nikamwambia apana, kwetu ni hapo mbele. Niliona madirisha yamepigiliwa bati. Nikapiga hodi mara tatu. Kwa Waislamu nimefundishwa hivyo, mara tatu, na usipojibiwa unaondoka, husukumi mulango wa mutu. Hamukuwepo. Nyumba isiyoitika haina watu.

Nikarudi Buterere. Tulijificha ndani ya mupunga na watu wengine, maji mupaka kiunoni, mvua juu yetu, tangu mchana ule mupaka Ijumaa asubuhi. Nilimubeba Hiba juu ya kichwa mupaka mikono ikakufa. Alikohoa siku ya tatu. Siku ya tisa akaacha.

Mulifanya vizuri kukimbia. Nasikia mulirudi wote wazima, nimemshukuru Mungu. Usijilaumu kwa barua zako, zilikuwa za upendo. Massoudi amerudi kutoka Uvira. Anashinda na nyavu mukononi, hazitengenezi.

Mwambie Baba asante kwa ile nafasi. Sikuikalia, lakini alilitaja jina langu, na hilo ndilo nimebaki nalo. Kila nikishindwa kulala nalirudia kwa sauti yake.

Amélie


Kinama, tarehe 18 Mei 1995

Dada Amélie,

Mama Mwanasiti alinikabidhi barua yako Jumatatu. Leo yuko sokoni na amesema atanisubiri mpaka saa nane, kwa hiyo sina muda wa kupanga maneno.

Baba hakulitaja jina lako. Uliniuliza nami nikakudanganya. Alisema "mukubwa" tu, kama nilivyoandika mara ya kwanza. Nilikuwa na hakika kwamba ni wewe, na nilipoona unasita kwa ajili ya neno moja, nilijiambia kwamba neno ambalo mtu amelifikiria ni sawa na neno alilolisema, na nikaliandika. Nimefikiri siku tatu kama nikuachie jina hilo, kwa kuwa ndilo ulilobaki nalo. Lakini siwezi kukuachia uongo mmoja bila kukuachia na mwingine, na ule mwingine ni mkubwa zaidi.

Hatukukimbia, Dada. Tulikuwemo ndani.

Yule mukubwa ni Bonfils, anayeongoza vijana wa kizuizi cha barabara yetu. Watu wote wa mtaa humwita Chef, nami nilimjua kwa jina hilo tu. Sikujua kwamba Baba, akimwogopa mtu, humwita mukubwa. Mwishoni mwa Machi Bonfils alimsimamisha Mama barabarani akiwa na beseni la nguo chafu, akatia mkono chini ya nguo, akakuta udongo uliozidi mkoba wangu. Hakupiga kelele. Alikuja nyumbani siku ileile, akaomba aoneshwe, akashuka, akagonga ukuta kwa vidole, akamsifu Baba kwa kazi nzuri. Kisha akasema na yeye apimwe. Ni mtu mpana. Haya yote Mama amenisimulia sasa. Wakati ule waliona afadhali mimi nisijue, ili nikiulizwa nisiwe na la kusema.

Asubuhi ya tarehe ishirini na saba Baba alipigilia bati madirishani. Sikumwambia kwamba unakuja. Nilishika agizo lako. Nilikaa karibu na mlango nikijifanya nasoma. Risasi zilipoanza, kama saa nne na nusu, Baba alitushusha. Nilisema nimesahau daftari, nikajaribu kurudi juu, akanivuta mguu. Kisha Bonfils akaingia kwa mlango wa uani, akashuka akiwa na bunduki yake, akaketi juu ya ule mkeka nilioutandika. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama nina deni naye.

Nilimwambia Baba sikioni kwamba unakuja. Nilimwambia ni leo, kabla ya saa sita, na mtoto. Alinitazama kana kwamba nimesema Kijerumani. Bonfils alisikia. Alisema, "Hakuna mutu anafungua. Kifuniko kikiinuka mara moja, kila mutu barabarani atajua kuna watu chini. Mi sikuja hapa kufa kwa ajili ya wageni wenu."

Ukafika, ukapiga hodi.

Mama aliitambua sauti yako hodi ya kwanza. Aliuma upindo wa kanga yake. Hodi ya pili, Bibi akasema polepole, "Népomuscène, muuaji hapigi hodi." Bonfils aliiweka bunduki magotini, hakuielekeza kwa mtu, aliiweka tu. Tulimsikia Hiba. Hakuwa analia. Alikuwa anapayukapayuka kama watoto wanaoona mlango. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza na ya mwisho kumsikia.

Baba alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja chake tangu hodi ya kwanza. Sisemi hivi ili nijitoe. Kiganja ni chake, lakini barua ni zangu.

Tulitoka jioni. Bonfils alimshukuru Baba, akapangusa suruali, akaenda. Hajarudi, wanasema yuko milimani. Madirisha yalikuwa yameng'olewa bati, na godoro la Bibi limechukuliwa. Tulimwambia kila mtu kwamba tulikimbilia mjini, kwa sababu mwenye shimo hasemi ana shimo. Ndiyo habari uliyoisikia. Sikuandika wiki zile zote kwa sababu sikujua barua niiandikie mtu aliye hai au la.

Barua yako niliwasomea wote watatu, mpaka mwisho, hata ile asante. Mama alitoka nje. Bibi alijifunika kanga usoni. Baba akaniuliza, "Mutoto alikuwa wa ukubwa gani?" Nilitenga mikono yangu kwa kukisia, kwa kuwa sijamwona. Aliitazama ile nafasi katikati ya mikono yangu mpaka mikono ikachoka. Akasema, "Angetosha." Tangu Jumatatu kazini haendi.

Sikuombi unisamehe. Mwalimu wetu wa dini anasema anayeomba msamaha haraka anataka kupumzika, nami sitaki kupumzika. Kigauni kiko hapa, sijui nikipeleke wapi.

Lakini kuna jambo moja siwezi kuliuliza kwa mtu mwingine. Baada ya hodi ya tatu kiganja cha Baba kililegea, nadhani kwa jasho. Nikasema "Karibu." Niliisema mara moja, kupitia vidole vyake, kabla hajaniziba tena. Sijui ilikuwa na sauti kiasi gani. Bibi anasema aliisikia, lakini Bibi alikuwa ameketi ubavuni pangu. Baada ya hapo nilihesabu: ulisimama mlangoni kimya mpaka nikafika kumi na nne, ndipo nyayo zako zikaondoka. Na katika barua yako umeandika kwamba hatukuwepo. Siwezi kujua kama uliandika hivyo kwa kuwa uliamini, au kwa kuwa ulijua na ulitaka kutufunika.

Mama Mwanasiti atarudi Jumatatu. Mpe jibu mkononi mwake, hata liwe neno moja. Ile karibu yangu, Dada, uliisikia?

Joëlla